Kurudisha Miguu ya Gari Kuukuu: Anza na Mpira

Gari likishakula miaka huanza kusema. Ukipita kwenye mashimo madogo linagonga ko-ko-ko; ukikanyaga breki unasikia "gu" moja chini ya sakafu; ukikata kona, pua inachelewa kufuata usukani. Wengi tukisikia hivyo tunatoa hukumu moja: shokapu zimekufa. Zinanunuliwa mpya, zinafungwa, na kelele inabaki palepale. Nilifanya hivyo kwenye gari langu mwenyewe. Kilichokuwa kinagonga muda wote ni stabilaiza linki, kijifimbo chembamba kinachobadilishwa kwa spana mbili.

Shokapu hufa, hilo halina ubishi. Ila kwenye gari la miaka 15 au 20, kinachosahaulika ni mpira: bushi za mikono (mipira yenye bomba la chuma katikati), maunting za shokapu (viti vya mpira vinavyoishika juu), vifuniko vya vumbi vya boli jointi (kiungo cha tufe karibu na gurudumu). Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Joto huukausha, hewa huupasua taratibu, na mafuta yanayovuja kutoka kwenye injini huulainisha hadi ukawa kama ugali. Ndiyo maana naanza na mpira, na ndiyo maana nitasisitiza jambo moja linaloharibu kazi nyingi nzuri, nalo ni kukaza bolti za bushi magurudumu yakiwa yananing'inia.

Kila kiungo na kazi yake

Springi ndiyo inayobeba uzito. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kuruka baada ya tuta, na nguvu ya mruko huo huigeuza kuwa joto ndani ya mafuta yake. Mkono wa chini, ambao mafundi huuita kontroli amu, hulishika gurudumu lisisogee mbele wala nyuma huku likiwa huru kupanda na kushuka. Upande wa bodi mkono huo umeshikwa na bushi. Upande wa gurudumu umeshikwa na boli jointi. Tairodi endi hupeleka amri ya usukani kwenye gurudumu. Stabilaiza ni fimbo inayounganisha kulia na kushoto ili gari lisilale sana kwenye kona, na linki ndizo zinazoifunga fimbo hiyo.

Magari mengi madogo yana mbele mtindo wa MacPherson, uliobuniwa miaka ya 1940 na mhandisi Mmarekani Earle MacPherson: springi na shokapu zimefungwa pamoja kama mguu mmoja uliosimama. Ninaandika nikiwa na mtindo huo kichwani. Pale mtindo mwingine unapobadilisha kazi, nitasema.

Tafuta kinachocheza kabla ya kununua chochote

Anza gari likiwa chini, injini imezimwa, usukani haujajifunga. Mtu mmoja autikise usukani kushoto na kulia, kidogo tu, kama inchi moja kila upande. Wewe weka kidole juu ya kichwa cha tairodi endi, nusu kwenye kiungo, nusu kwenye chuma kinachobeba habu, yaani kitovu kinachofungiwa gurudumu. Kidole huhisi mlegeo ambao jicho halijauona. Kama upande mmoja wa kiungo unatangulia na mwingine unafuata nyuma yake, umempata mbovu mmoja.

Sasa inua gurudumu. Lishike juu na chini, kama namba 12 na 6 za saa, ulisukume na kulivuta. Kisha lishike kushoto na kulia, kama 9 na 3. Likicheza kwa 9 na 3 peke yake, mtuhumiwa wa kwanza ni tairodi endi au kiungo chake cha ndani. Likicheza kwa 12 na 6, ni boli jointi au beringi ya gurudumu, na kuzitofautisha ni rahisi: mwambie mwenzako akanyage breki, halafu ulitikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi, kwa sababu breki imeifunga diski na habu pamoja. Ukibaki, ni kiungo kingine.

Boli jointi inahitaji akili kidogo. Haionyeshi ubovu wake ikiwa imebanwa na nguvu ya springi. Kwenye mtindo wa MacPherson, weka jeki chini ya bodi au krosimemba (boriti la chini linalovuka gari), gurudumu lining'inie, kisha ukandamize kwa mtaimbo mdogo kati ya mkono na chuma kinachobeba habu. Kwenye gari lenye mikono miwili ambapo springi imekalia mkono wa chini, ukifanya hivyo utadanganyika, maana springi bado inaubana mkono. Hapo jeki iwekwe chini ya mkono wenyewe, karibu kabisa na boli jointi, ndipo kiungo kiwe huru na kionyeshe kinachocheza.

Bushi zichunguze kwa mtaimbo na tochi. Ukandamize mkono mbele na nyuma taratibu. Mpira mzima hujongea kidogo na kurudi. Mpira uliokufa huacha bomba la kati ligonge ukuta wa nje, au unaona ufa umeuzunguka mduara mzima. Nyufa ndogo za juujuu kwenye mpira mzee si hukumu ya kifo. Ufa unaoweza kuingiza ncha ya bisibisi ni hukumu.

Na kama gari linalia kwii-kwii kama kitanda cha chuma, chukua chupa ya kunyunyizia maji. Lowesha bushi moja, bonyeza gari lipande na kushuka, sikiliza. Nenda kwenye nyingine. Ile ambayo sauti imebadilika ilipopata maji ndiyo inayolia. Usitumie mafuta ya injini wala grisi ya kawaida kwa kazi hii, kwa sababu yatanyamazisha kelele leo na kuula mpira kesho.

Maunting ya juu ya shokapu ina jaribio lake. Shika springi kwa kiganja huku mwenzako akizungusha usukani gari likiwa chini. Springi inapaswa kuzunguka kwa ulaini. Ikijikaza kisha ikaruka kwa "tang", beringi ya juu imekwama.

Sasa shokapu. Lile jaribio la kubonyeza kona ya gari na kuhesabu mara ngapi linaruka huikamata shokapu iliyokufa kabisa tu. Iliyochoka nusu hupita bila shida. Mimi naamini zaidi mafuta yaliyolowesha mwili wake kuanzia juu kwenda chini (ukungu mwembamba wa mafuta uliokamata vumbi si kuvuja), na naamini zaidi tairi. Pitisha kiganja juu ya kashata za tairi. Ukihisi mabonde na vilima vinavyofuatana, gurudumu hilo limekuwa likirukaruka barabarani badala ya kukanyaga.

Jioni ya kabla ya kazi

Safisha nyuzi zote za bolti kwa brashi ya waya, uzipulizie dawa ya kulegeza kutu, uziache zilale nayo. Asubuhi puliza tena. Hatua hii ya dakika kumi huokoa saa za kupambana.

Kisha, gari likiwa tupu na limesimama mahali tambarare, pima kutoka katikati ya habu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne. Andika namba hizo. Pengine mbele utapata milimita 365 kushoto na 362 kulia. Lolote utakalopata, liandike. Namba hizi ndizo zitakazokuongoza wakati wa kukaza, na bila kuzipima sasa hutakuwa na njia nzuri ya kuzijua baadaye. Tofauti kubwa kati ya kulia na kushoto nayo ni habari: springi imelegea au imekatika. Springi hupenda kukatikia mzunguko wa chini kabisa, mahali ambapo kutu hujificha, kwa hiyo ichunguze kwa tochi.

Vifaa: jeki, stendi mbili imara, kabari za magurudumu, spana na soketi, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukazia), nyundo nzito, kifaa cha kubana springi, waya wa kufungia kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki), rangi au chaki ya alama. Nati zenye plastiki ndani nunua mpya, maana ile plastiki hushika vizuri mara moja tu. Namba za kukazia zitoke kwenye kitabu cha ufundi cha gari lako hasa, si la jirani.

Shokapu na springi nunua kwa jozi, kulia na kushoto za ekseli moja. Upande mpya na upande mzee hulivuta gari vibaya kwenye breki na kona.

Kuinua

Ardhi ngumu na tambarare, kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini, nati za rimu zilegezwe kabla ya kuinua. Stendi ziwekwe chini ya sehemu imara za bodi, kisha litikise gari kwa nguvu kabla hujaingiza hata mkono chini yake. Jeki peke yake haibebi maisha ya mtu. Hili silisemi kwa kupita. Jeki ya mafuta inaweza kushuka kwa kasi bila onyo lolote.

Hatua ya 1: stabilaiza linki

Inua magurudumu yote mawili ya mbele ili fimbo isiwe imejikunja. Kichwa cha linki kikizunguka pamoja na nati, tafuta tundu la pembe sita kwenye ncha ya bolti, ulishike kwa ufunguo wake huku ukifungua nati kwa spana. Tundu likiwa limeliwa na kutu, kata nati, kwani linki hairudi. Funga mpya. Angalia pia zile bushi mbili zinazoshika fimbo kwenye krosimemba.

Hatua ya 2: tairodi endi

Legeza nati ya kufungia kidogo tu, uweke alama ya rangi mahali ilipokuwa. Toa pini na ulegeze nati ya kichwa, lakini iache kwenye nyuzi chache za mwisho ili kiungo kisikurukie. Usipige ncha ya bolti. Piga ubavu wa jicho la chuma lililoshika kiungo, mapigo mawili matatu ya nguvu. Jicho hutikisika na kuuachia ule mkia uliochongoka. Unapokizungusha kiungo kukitoa, hesabu mizunguko. Kipya kiingie kwa mizunguko ileile. Hesabu hiyo haitoshi kuwa alaimenti (kupanga pembe za magurudumu), lakini itakufikisha kwenye mashine ya alaimenti bila kula tairi njiani.

Wakati wa kufunga nati yenye meno ya pini, ikaze kwa namba ya kitabu. Tundu lisipokutana na jino, endelea kukaza hadi jino linalofuata. Usirudi nyuma hata kidogo.

Hatua ya 3: boli jointi

Mbinu ya kupiga ubavu ni ileile. Kwenye magari ambapo mkia wake umebanwa na bolti inayopita pembeni, toa bolti hiyo nje kabisa kabla ya kupambana, kwa sababu inapita kwenye mfereji wa mkia na hautatoka ikiwa ingali ndani. Upana wa mwanya uongeze kidogo tu kwa patasi. Ukiupanua sana, chuma hupata ufa. Ingiza mpya, na usiupasue mpira wake wa vumbi kwa bisibisi: maji na mchanga wakipata mlango, kiungo kipya hakitaona miaka mingi.

Kama boli jointi imekufa na bushi za mkono huohuo zimechanika, nunua mkono mzima ukiwa na viungo vyake. Hesabu jasho la presi (mashine ya kusukuma bushi itoke na iingie) kabla ya kuamua kuokoa mkono wa zamani.

Hatua ya 4: bushi za mkono

Toa mkono nje. Kabla ya kuigusa bushi, piga picha na uweke alama ya rangi juu ya chuma kuonyesha bushi inatazama wapi, kwa sababu nyingi zina mianya upande mmoja na mpira mzito upande mwingine. Mianya hiyo imewekwa kwa makusudi: upande mmoja mpira unaachia ili gari liwe laini kwenye mashimo, upande mwingine unashikilia ili gurudumu lisiyumbe. Ukiifunga imegeuka, gari halitakuwa lile ulilolijua. Pima pia imezama kiasi gani kwenye mkono.

Itoe kwa presi, au kwa bolti ndefu na vipande vya bomba vya ukubwa unaofaa. Ikigoma, toboa mpira uutoe, kisha kata ganda la nje kwa msumeno mdogo mpaka liachie. Simamisha msumeno pale unapoona chuma cha mkono. Mkwaruzo mzito hapo ni mwanzo wa ufa. Safisha tundu kwa msasa. Bushi mpya isukumwe kwa ganda lake la nje. Ukisukuma bomba la kati au mpira, umeichana kabla haijafanya kazi hata siku moja. Maji ya sabuni yanatosha pale mpira unapogusana na chuma.

Bushi za poliyurethani? Zinadumu na hazijali mafuta, ila hupeleka mtetemo mwingi zaidi ndani ya gari na zinataka grisi yake maalumu ya silikoni. Kwa gari la kwenda kazini na kurudi na familia, mimi nachagua mpira.

Rudisha mkono mahali pake. Bolti zake ziingize, nati zishike, lakini usizikaze bado.

Hatua ya 5: mguu wa shokapu

Funga kalipa kwa waya kwenye mwili wa gari, isining'inie kwa hosi ya breki. Fungua waya wa ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki) na hosi kwenye vishikio vyake. Bolti mbili zinazounganisha shokapu na chuma cha habu ziwekee alama ya rangi kabla ya kulegeza, kwa kuwa kwenye magari mengi ndizo zinazopanga mlalo wa gurudumu. Mwisho fungua nati ndogo za juu, ndani ya boneti, ukiushika mguu usianguke. Ile nati kubwa ya katikati usiiguse.

Nati hiyo ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa kwa nguvu inayoweza kuvunja taya. Bana springi kwanza, kwa vibano viwili vinavyotazamana, ukikaza huku kidogo na kule kidogo kwa spana ya mkono. Endelea mpaka springi iachie kikombe cha juu na uweze kuitikisa kwa mkono. Hapo tu ndipo fungua nati ya katikati, uso wako na wa mwenzako ukiwa pembeni, si juu ya mhimili wa springi. Kibano kikianza kuteleza au kupinda, legeza na uanze upya.

Shafti ya shokapu usiishike kwa koleo. Mkwaruzo mmoja kwenye ule ung'avu utachana sili kila inapopanda na kushuka, na mafuta yatatoka. Shokapu mpya ya mafuta isimamishe wima, ibonyeze na kuivuta mwendo wake wote mara nne au tano ili hewa ipande juu. Weka mpira mpya wa kugotea na kifuniko kipya cha vumbi, maunting mpya kama ya zamani inakwaruza, kisha hakikisha ncha ya springi imekaa kwenye kituo chake pale kwenye kikombe. Kaza nati ya juu, ndipo uachie vibano kwa kubadilishana.

Hatua ya 6: kukaza mahali gari linaposimama

Bushi ya mpira haizunguki kama beringi. Bomba lake la kati hubanwa na bolti lisisogee, ganda la nje huenda na mkono, na mpira uliogandishwa katikati hujisokota. Mkono unapopanda na kushuka, ni mpira unaosokotwa na kurudi.

Gari likiwa juu, mkono unaning'inia chini. Ukikaza hapo, umeuambia mpira kwamba mahali pa mapumziko ni pale chini. Ukishusha gari, mkono unapanda mathalani nyuzi 20, na mpira unabaki umesokotwa kiasi hicho usiku na mchana, hata ukiwa umelala. Tuta likija linausokota zaidi.

Nilijifunza kwa bushi zangu mwenyewe. Nilizifunga mpya, nikakaza kila kitu gari likiwa kwenye stendi kwa sababu ndipo spana ilipofika vizuri. Miezi michache baadaye "gu" ya breki ilirudi. Nilipotoa mkono nikaona mpira umeachana na bomba la kati mduara mzima, msafi, bado mweusi wa dukani, kama umekatwa kwa wembe.

Kwa hiyo chukua zile namba ulizoandika. Weka jeki chini ya mkono, karibu na boli jointi, uinue taratibu huku ukipima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi. Ikifika milimita 365 yako, simama. Gari likianza kunyanyuka kwenye stendi kabla ya kufika, shusha. Tumia rampu badala yake, magurudumu yakanyage na gari likalie uzito wake. Sasa kaza bolti za bushi kwa spana ya toki. Fanya vivyo hivyo kwa bushi za mikono ya nyuma, na za kamani (springi za mabapa) kama gari lako linazo, na za jicho la chini la shokapu zenye mpira. Boli jointi na tairodi endi hazina sharti hili.

Hatua ya 7: barabara na alaimenti

Kanyaga breki mara kadhaa kabla gari halijasogea, usije ukakuta pedali inazama. Nati za rimu zikaze kwa mpangilio wa nyota. Magari mengi madogo huwa kati ya 90 na 120 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha spana ya toki), lakini kitabu chako ndicho mwamuzi. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili huku mtu akiangalia kama hosi au waya wa ABS unavutika.

Endesha polepole kwenye barabara mbaya, madirisha wazi, redio imezimwa. Kisha nenda alaimenti siku hiyohiyo kama inawezekana. Usiende kabla ya kumaliza viungo vyote vinavyocheza, maana mashine itapanga pembe juu ya ulegevu na kesho zitakuwa zimehama. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada, na uangalie kama usukani umenyooka unapokwenda moja kwa moja.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza tena nati za rimu kwa spana ya toki, pita kwa tochi kwenye kila bolti uliyoigusa, kisha rudia kupima urefu wa habu na madigadi. Springi mpya hukaa chini kidogo siku za mwanzo. Andika namba mpya pembeni ya zile za zamani, kwenye karatasi ileile, uiweke ndani ya kitabu cha gari.